Tangi tupu limeibuka kutoka ardhini. Nani amelisukuma?

MamaVyumba

Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo.

Nina vyumba vya kupangisha huku Gezaulole, Kigamboni. Maji ya kisima chetu yana chumvi, nikaamua kuvuna ya mvua kutoka paani. Nikanunua tangi la plastiki la lita 5000, kipenyo mita 1.8, kimo mita 2. Vijana wanne walilibeba mabegani huku wanapiga soga, kwa hiyo tuseme lina kilo 100. Fundi akachimba shimo, tukalishusha, akafukia kwa mchanga uleule uliotoka shimoni, na juu ya tangi akaweka kama futi moja ya mchanga, akaacha mfuniko tu unaochungulia.

Gata zilikuwa bado hazijafungwa, tangi likabaki tupu. Masika yakaingia. Mvua ikapiga usiku kucha, asubuhi wapangaji wananipigia simu: "Mama, tangi lako limetoka." Nimefika nimelikuta karibu nusu yake liko juu ya ardhi, limeegemea upande wa ukuta wa jirani, mchanga umemwagika pembeni, bomba la inchi mbili limekatika kwenye kiungio. Hakuna aliyeligusa. Nikasema basi, maji yakishuka litarudi chini lenyewe. Maji yameshuka, lenyewe lipo palepale.

Fundi anasema udongo umevimba. Shemeji yangu anasema ni hewa iliyofungiwa ndani, inataka kupanda. Mpangaji wa chumba cha mwisho anasema kuna mtu hapendi maendeleo yangu.

Sasa fundi anataka kulishusha upya na kulifunga kwenye zege. Hesabu yake ni hii: tangi la lita 5000 linaelea kwa nguvu ya tani 5, mita moja ya ujazo ya zege ina tani 2.4, kwa hiyo zege la mita mbili na ushee linatosha. Sijatoa hela ya saruji. Kwanza mtu anieleze: kitu kimetulia, kimefukiwa, kina mchanga kichwani, kinaondokaje? Na hesabu ya fundi iko sawa?

kobe_wa_mtaa

Pole sana mama. Mimi ningetoboa tundu dogo kwenye kitako, maji yaingie yatoke yanavyotaka, kesi imeisha. Halafu shemeji yuko sahihi, ni hewa. Boya linaelea kwa sababu ya hewa.

Ticha Mstaafu

Kobe, ukitoboa tundu, maji ya chumvi na ya makaro ya mtaa mzima yataingia kwenye tangi la maji ya kunywa. Ni kweli halitaibuka tena, lakini hapo mama hana tangi, ana kisima kibovu chenye ukuta wa plastiki.

Na hewa haivuti kitu juu. Ingekuwa hewa ndiyo inayovuta, tangi lingepaa hata Januari kwenye jua kali, maana hewa ilikuwamo ileile. Nenda mbali zaidi: nyonya hewa yote iliyomo, na tufanye tangi ni gumu halibonyei. Lingeibuka vilevile, tena lingekuwa jepesi kwa kilo 6, maana mita 5 za ujazo za hewa zina uzito wa kama kilo 6 hivi. Hewa ni mzigo kama mzigo mwingine, ila ni mdogo. Boya halielei kwa kuwa na hewa, linaelea kwa kukosa kitu kizito.

Nimefundisha fizikia sekondari mpaka nikastaafu, na kwenye mitihani kulikuwa na jibu moja ambalo halikukosekana. Unamwuliza mwanafunzi, kitabu kiko mezani kimetulia, taja kani zinazokihusu, yaani misukumo na mivuto inayokipata. Anaandika: "Hakuna, kwa sababu hakisogei." Kumbe kitabu kinavutwa chini na kinasukumwa juu na meza, kwa kiasi kilekile. Kutulia ni matokeo ya kulingana. Ukikielewa kitabu hicho, tangi la mama tumelimaliza.

Nitatumia kilo kama sokoni, anayetaka niutoni, kipimo cha kani cha darasani, azidishe kwa 9.8.

Kiangazi. Tangi kilo 100. Futi moja ya mchanga juu yake: eneo la tangi ni mita za mraba 2.54, mara sentimita 30, unapata robo tatu ya mita ya ujazo. Mchanga wenye unyevu kidogo kilo 1600 kwa mita ya ujazo, hiyo ni kama kilo 1220. Jumla kilo 1320 zinakandamiza chini. Ardhi iliyo chini ya kitako inajibu kwa kilo 1320 kwenda juu. Limetulia.

Mvua inanyesha, maji ya ardhini yanapanda kutoka chini, maana huko kwenu mchanga unapitisha maji na bahari iko jirani. Maji yanafika kwenye kitako na kuanza kupanda ubavuni. Maji yana kanieneo, yaani msukumo kwenye kila kipande cha eneo, na kanieneo kinaongezeka kadiri unavyokwenda chini. Ubavuni maji yanasukuma kutoka pande zote na yanamalizana yenyewe kwa yenyewe. Kwenye kitako yanasukuma juu, na hakuna maji ya kuyajibu kutoka ndani kwa sababu tangi ni tupu. Hapo ndipo kani yenyewe ilipo. Kila sentimita moja ambayo maji yanapanda ubavuni inaongeza kilo 25 za kusukuma juu.

Yakifika sentimita 10, maji yanabeba kilo 254, ardhi inabakiwa na 1066. Sentimita 30, maji yanabeba 762, ardhi 558. Tangi halijasogea hata unywele. Mtu akipita juu anaona kila kitu ni salama. Sentimita 50, maji yanabeba 1270, ardhi imebaki na kilo 50 tu, mtoto wa sekondari! Sentimita 52, ardhi haibebi kitu. Sentimita ya 53 na kuendelea, hakuna kani ya kulinganisha iliyobaki isipokuwa msuguano wa mchanga ubavuni, na mchanga uliofukiwa bila kushindiliwa, ukishalowa, unashika kidogo sana. Nusu mita ya maji kwenye shimo la zaidi ya mita mbili, na tangi likaondoka. Maji yakifika usawa wa juu wa tangi, msukumo ni kilo 5090.

Kwa nini halikurudi? Lilipoinuka liliacha pengo chini ya kitako, mchanga ulioloa ukatiririka ukalijaza. Maji yakashuka, tangi likakalia mchanga mpya. Ukichimba upande mmoja utauona, ni laini kuliko wa pembeni.

Huyo mpangaji wa chumba cha mwisho, mwulize mbona mbaya wako alisubiri mvua.

MamaVyumba

Ticha, nimesoma mara mbili, hesabu nimeielewa. Kitu kimoja kinanigomea. Unasema tangi linasukumwa kwa tani 5. Tani 5 za maji ziko wapi? Pale palikuwa na mchanga umelowa tu. Ukiukamua mchanga wote uliozunguka tangi sidhani kama ungejaza mapipa matatu. Maji kidogo hivyo yanabebaje mzigo mkubwa hivyo?

Ticha Mstaafu

Swali zuri kuliko la kwanza, na walimu wengi walikuwa wanalikwepa.

Chukua sufuria mbili za seti moja, moja inayoingia ndani ya nyingine ikaacha nafasi ya sentimita moja kuzunguka. Tuseme ya ndani ina upana wa sentimita 24. Tia mchele humo mpaka sufuria na mchele pamoja vifike kilo 3. Iweke ndani ya ile kubwa. Sasa chukua kikombe, mimina maji taratibu kwenye ule mwanya wa pembeni, na kidole kimoja kiwe juu ya ukingo wa sufuria ya ndani. Usiangalie maji, sikiliza kidole. Kwanza sufuria ni nzito, imekaa. Halafu inaanza kucheza kidogo ukiigusa. Halafu unaizungusha kwa kidole kimoja na inazunguka bila kukwaruza chini. Inaelea.

Umemimina kiasi gani? Ili kubeba kilo 3 inabidi maji yapande sentimita 6.6 ubavuni, na kwenye mwanya wa sentimita moja hiyo ni kama nusu lita, na kidogo ya kule chini. Kilo 3 zimeelea juu ya maji yasiyofika lita moja. Ukipata sufuria zinazoachana kwa nusu sentimita, yatatosha kama nusu ya hayo.

Kinachohesabika ni kina cha maji ubavuni na ukubwa wa kitako. Wingi wa maji yaliyopo haumo kwenye hesabu kabisa. Archimedes wa Syracuse aliliweka hili zaidi ya miaka 2200 iliyopita: msukumo ni sawa na uzito wa maji ambayo yangekaa mahali kilipokaa kitu. Yangekaa, si yaliyopo pembeni. Maji yaliyo katikati ya chembe za mchanga wako yameungana yote, kutoka kwako mpaka kwa jirani, kwa hiyo kina kikiwa mita moja kanieneo ni cha mita moja, hata kama maji yenyewe ni ya kulowesha tu.

kobe_wa_mtaa

Nimefanya ya sufuria, badala ya mchele nimeweka unga. Inaelea kweli. Mke wangu ananiuliza kama nimefukuzwa kazi.

FundiWaVituo

Nimewahi kufukia matangi ya mafuta kwenye vituo, kwa hiyo naongea ninachokijua kwa mikono.

Tangi la sheli halifukiwi hivihivi popote pale maji ya ardhini yanapoweza kufika. Linalazwa juu ya jamvi la zege, yaani bamba pana la zege, au katikati ya mihimili miwili ya zege, linafungwa kwa mikanda inayopita juu yake, na mikanda inashikwa na ndoano zilizomwagiwa zege. Watu wanadhani hatari ni likiwa tupu. Hata likijaa petroli lingeelea. Petroli ni nyepesi kuliko maji, lita moja ni kama gramu 740. Tangi la lita 5000 lililojaa petroli lina kilo 3700 ndani, na msukumo wa maji ni kilo 5000. Hesabu inapigwa kwa tangi tupu na maji yamefika juu kabisa, siku mbaya kuliko zote, halafu unaongeza ya akiba.

Mama, kabla ya zege nakuuliza: tangi lako ni la kufukia au ni la kuweka juu ya mnara? La mnara ukuta wake umetengenezwa kuzuia maji yanayosukuma kutoka ndani kwenda nje. Ukilifukia, udongo unasukuma kutoka nje kwenda ndani, na likiwa tupu linabonyea. La kufukia lina mbavu nene. Angalia hilo kwanza, la sivyo utalifunga vizuri lisipae halafu lijikunje humohumo.

MamaVyumba

Lina mbavu, muuzaji alinionyesha picha likiwa shimoni. Haya, niambieni hesabu ya zege ya fundi wangu.

Ticha Mstaafu

Fundi wako amepiga hesabu ya zege lililoko nchi kavu.

Funga jiwe la kilo mbili na nusu kwa kamba, lining'inize kwenye mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki. Lishushe kwenye ndoo ya maji bila kugusa chini. Jiwe la kawaida litasoma kilo moja na nusu. Ukiishika kamba utahisi haijakaza kama mwanzo. Jiwe halijapungua, dunia inalivuta vilevile kilo mbili na nusu, ila sasa kamba inabeba moja na nusu na maji yanabeba moja. Jumla haijaguswa. Na mwanafunzi mjanja atauliza ile kilo moja imekwenda wapi: weka ndoo juu ya mizani nyingine kabla ya kushusha jiwe, utaona ndoo inaongezeka kilo moja ileile. Maji yakilisukuma jiwe juu, jiwe linayasukuma maji chini. Hakuna kinachopotea.

Zege ni jiwe. Nchi kavu lina kilo 2400 kwa mita ya ujazo. Likizama kwenye maji ya ardhini linabaki na nguvu ya kukandamiza ya kilo 1400, kwa sababu lenyewe nalo linasukumwa juu kwa kilo 1000. Unahitaji kushikilia kilo 5090 ukitoa 100 za tangi, tuseme 5000. Gawa kwa 2400 unapata mita 2.1, ndiyo hesabu ya fundi. Gawa kwa 1400, unapata karibu mita 3.6. Kwa mita zake 2.1 angekuwa na kilo 2900 za kushikilia, zimepungua zaidi ya tani mbili. Futi yako ya mchanga juu haizibi pengo hilo, na wala usiitegemee, maana mvua ndiyo inayoibeba.

FundiWaVituo

Ticha yuko sahihi ila hakuna haja ya kumwaga mita 3.6. Kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne (saruji, mchanga, kokoto) unakula mifuko sita na nusu ya saruji kwa mita ya ujazo, hiyo ni mifuko 23 kwa ajili ya kukaa chini tu. Tumia mchanga ulio nao bure.

Mwaga jamvi pana kuliko tangi. Mita 2.6 kwa 2.6, unene sentimita 15, nondo chini na juu zisuke vizuri. Zege hapo ni mita moja tu ya ujazo, mifuko saba. Ndani ya maji jamvi linashikilia kilo 1400. Tangi likikaa katikati, kuna ukingo wa jamvi unaobaki nje kuzunguka, kama mita za mraba 4.2. Juu ya ukingo huo unarudisha mchanga, kimo mita 2, ukishindilia kila futi moja. Ni mita za ujazo 8.4 za mchanga. Mchanga uliozama mimi nauhesabia kilo 800 kwa mita, kwa tahadhari, sio 1600. Hizo ni kilo 6700. Ongeza za jamvi, unapita 8000, dhidi ya 5000 zinazosukuma. Akiba nzuri. Tangi likitaka kutoka, inabidi liinue jamvi, na jamvi limekaliwa na mchanga.

Yote haya yanafanya kazi tangi likiwa limefungwa kwenye jamvi. Kuliweka juu yake tu ni bure, litaondoka na kuacha jamvi zuri kabisa huko chini. Mikanda miwili ipite juu ya mabega ya tangi, miguu minne ya mikanda ishike ndoano za nondo zilizofungwa kwenye nondo za jamvi kabla ya zege. Kila mguu utabeba kama kilo 1250 siku mbaya, kwa hiyo kamba ya katani au waya wa kufungia nondo usiniambie. Chini ya mkanda weka mpira usikate plastiki. Bomba liunganishwe kwa kipande kinachopinda, sio plastiki ngumu moja kwa moja ukutani.

Na siku ya kulishusha shimoni litie maji. Kila unavyofukia futi moja, maji ndani nayo yapande futi moja. Ukuta haubonyei na tangi halipati nafasi ya kuelea kabla mchanga haujashika.

kobe_wa_mtaa

Sasa na mimi nina wasiwasi. Nyumbani kuna karo la choo la matofali, na tunataka kuita gari la kunyonya wiki hii, mvua hizi hizi. Litapaa?

Ticha Mstaafu

Kama ni la matofali yaliyoachiwa matundu, maji ya ardhini yanaingia ndani yenyewe, kina cha ndani na cha nje kinakuwa kimoja, hakuna cha kulisukuma. Hasara yako ni kulipia gari linyonye maji ya mvua. Kama ni la plastiki au limepigwa plasta halivuji, subiri Juni. Mabwawa ya kuogelea nayo huibuka hivyohivyo, mtu anayakausha ayasafishe wakati ardhi imejaa maji, na sakafu inapasuka kwenda juu.

MamaVyumba

Fundi amesoma yote haya kwenye simu yangu. Amenyamaza kidogo, akasema mifuko saba ni sawa, ila kushindilia mchanga kila futi ni pesa nyingine. Tumekubaliana. Tangi nimelitia maji nusu hapo lilipo, lisiendelee na safari. FundiWaVituo, nondo za jamvi niweke za milimita 10 au 12?

FundiWaVituo

12, kila sentimita 20, pande zote mbili. Ndoano nazo za 12, zipinde ziingie chini ya nondo za chini, zisiishie juu.